Semei Kakungulu

Semei Kakungulu (1869 hivi - 24 Novemba 1928) alikuwa jemadari, chifu na kiongozi wa dini nchini Uganda. Ndiye mwanzilishi wa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wanaoishi kandokando ya mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Katika nusu ya kwanza ya maisha yake alijulikana kwa vita: alipigana upande wa Waprotestanti katika ufalme wa Buganda, kisha akateka sehemu kubwa ya Uganda ya mashariki kwa faida ya Waingereza. Katika miaka yake ya mwisho aliacha Ukristo, akashika sheria za Musa na kuwafundisha wafuasi wake dini ya Kiyahudi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa na rabi yeyote.

Vitabu vya historia ya Uganda humtaja zaidi kwa ajili ya vita na utawala wake. Hata hivyo eneo alilolitamani liwe ufalme wake alinyang'anywa angali hai, na kilichobaki mpaka leo ni mafundisho yake.

== Ujana na kujifunza kusoma ==

Kakungulu alizaliwa Kooki, ufalme mdogo uliopakana na Buganda upande wa kusini-magharibi. Leo eneo hilo ni sehemu ya Rakai. Akiwa kijana alihamia Buganda akaingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga II kama mwindaji wa tembo. Wakati huo pembe za ndovu zilikuwa bidhaa kuu iliyotoka Buganda kwenda pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walizinunua kwa nguo na bunduki, na pamoja na biashara hiyo Kiswahili kilifika hadi ndani ya ikulu ya Kabaka.

Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society walifika Buganda mwaka 1877, na Alexander Mackay aliwafuata mwaka 1878. Kwa kuwa Kiganda hakikuwa bado na vitabu vilivyochapwa, walianza kufundisha kwa Kiswahili, wakitumia tafsiri za Biblia zilizofanywa Zanzibar na Askofu Edward Steere. Katika miaka ya 1880 Kakungulu alipokea Ukristo wa Kiprotestanti, na mmisionari aliyemfundisha alimfundisha pia kusoma Biblia kwa Kiswahili.

Huko Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kuingia katika dini na kujua kusoma vilikwenda pamoja. Aliyetaka ubatizo alipewa kwanza kitabu. Desturi hiyo ilizaa waumini waliozoea kupima maneno ya walimu wao kwa maandiko yenyewe, jambo ambalo wamisionari hawakulifurahia kila mara. Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na Mganda Henry Wright Duta Kitakule. Tangu hapo vitabu vya Musa na manabii viliweza kusomwa na kila Mganda aliyejua herufi, na Kakungulu akawa mmoja wa wasomaji wake wenye bidii.

== Vita vya Buganda ==

Mnamo Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa, na wiki chache baadaye Waislamu wakawafukuza Wakristo kutoka mji mkuu. Wakristo walikimbilia mpakani mwa Ankole, wakajipanga upya. Kakungulu, aliyekuwa na bunduki na wawindaji waliomfuata, akawa mmoja wa makamanda wa jeshi lililomrudisha Mwanga katika kiti chake.

Sifa alizopata vitani zilimpandisha haraka. Alimwoa binti mfalme Nakalema, dada yake Mwanga, akapewa cheo cha Kimbugwe, mmoja wa machifu wakubwa kabisa wa Buganda. Lakini kiongozi wa Waprotestanti alikuwa Apolo Kagwa, Katikkiro wa Buganda, na hao wawili hawakuelewana. Katikati ya miaka ya 1890 Kakungulu aliacha cheo cha Kimbugwe akaenda kutawala Bugerere, mashariki mwa ufalme, mbali na Kagwa na karibu na nchi alizotaka kuziteka.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza. Kakungulu alibaki upande wa Waingereza, na mwezi wa Aprili 1899 alishiriki katika msafara uliomkamata Mwanga pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, huko Lango. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli.

== Utawala wa mashariki ==

Kuanzia mwaka 1899 Kakungulu alivuka Ziwa Kyoga akiwa na maelfu ya Waganda wenye silaha. Alijenga ngome moja baada ya nyingine katika nchi iliyoitwa Bukedi na Waganda, ikiwemo ngome ya Budaka alikoweka makao yake. Kila alipofika aligawa nchi kwa mtindo wa Buganda, akaweka machifu Waganda, akatengeneza barabara na kupanda mivule kandokando yake.

Wenyeji walilipa gharama kubwa. Wateso, Wagwere, Wagisu na wengineo hawakuwa na wafalme, na waliona mfumo huo mpya kuwa ni kutekwa na wageni. Ng'ombe zao zilichukuliwa na watu wao walilazimishwa kufanya kazi. Katika kumbukumbu za jamii nyingi za mashariki jina la Kakungulu linahusishwa mpaka leo na mapigano hayo, na mtu anayesoma habari zake kama mwanzilishi wa jumuiya ya dini hawezi kuliacha pembeni jambo hilo.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa nchi alizoziteka. Watu wengine walimwita Kabaka wa Bukedi. Serikali ya Uingereza haikuwa na nia hiyo: ilitaka maofisa wa mshahara inaoweza kuwahamisha, si mfalme mwenye jeshi lake. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, akaachiwa ardhi ya maili za mraba 20 katika eneo la Wagisu. Hapo alijenga makao mapya yaliyokua kuwa mji wa Mbale. Punde serikali ikahamishia ofisi zake huko pia.

Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa rais wa Lukiiko, baraza la machifu wa huko. Cheo kilikuwa kikubwa kwa jina, lakini hakikuwa ufalme. Mwaka 1913 kazi hiyo ilikwisha, akarudi Mbale. Wakati huo alikuwa ametumikia Waingereza kwa zaidi ya miaka 20.

== Wamalaki na swali la Sabato ==

Wakati huohuo kulizuka Buganda madhehebu mapya yaliyoongozwa na mwalimu Malaki Musajjakawa na chifu mkubwa Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema. Wafuasi wao, walioitwa Wamalaki, waliwabatiza watu bila kuwadai masomo marefu. Walikataa dawa na chanjo kwa kuwa waliamini Mungu peke yake ndiye mponyaji, tena walishika Jumamosi badala ya Jumapili. Kakungulu alijiunga nao, na Waganda wengi wa Mbale wakamfuata. Serikali iliwaangalia kwa wasiwasi, hasa walipokataa mifugo yao ichanjwe.

Wengine wameeleza hatua hiyo kuwa ni hasira ya mtu aliyenyimwa ufalme. Bila shaka uchungu huo ulikuwepo. Lakini hasira peke yake haielezi kwa nini mzee aliyekuwa na mali na heshima alitumia miaka mingi kuchambua sheria za Musa mstari kwa mstari. Aliona kwamba wamisionari walifundisha amri kumi, lakini amri ya nne hawakuishika jinsi ilivyoandikwa. Ushahidi wake aliuchukua kutoka Injili zenyewe: Yesu alizikwa siku ya Ijumaa, na wanawake waliotaka kwenda kaburini walipumzika siku iliyofuata kwa sababu ilikuwa Sabato, wakaenda Jumapili. Basi Sabato ni Jumamosi.

Mwaka 1917 alihama kutoka Mbale mjini kwenda Gangama, kwenye vilima vya magharibi vya Mlima Elgon, si mbali na mji. Huko alizidi kusoma Agano la Kale, na kila alivyosoma ndivyo alivyozidi kutofautiana na Wamalaki wenzake.

Mgogoro ulifikia kilele kwa habari ya tohara. Kakungulu alisema kwamba agizo alilopewa Abrahamu halikufutwa. Wamalaki walimjibu kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akakata shauri kwamba kama ni hivyo, tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, pamoja na wanawe. Ikumbukwe kwamba Waganda kwa jadi hawatahiri, na huko Buganda tohara ilihesabiwa kuwa alama ya Uislamu. Majirani zao Wagisu, kinyume chake, wanatahiri vijana wao katika sherehe za imbalu, lakini kwa askari wa zamani wa Kakungulu, wengi wao Waganda, agizo hilo lilikuwa mtihani mgumu. Wengine walimwacha.

Waliobaki waliitwa Kibina kya Bayudaya Abesiga Katonda, maana yake jumuiya ya Wayahudi wanaomtumaini Mungu. Kwa sababu ya hatua hizo mbili, mwanzo wa jumuiya hutajwa mara kuwa 1917, mara kuwa 1919.

Haifai kuchanganya habari hizi na kile kinachoitwa Mpango wa Uganda wa mwaka 1903, ambapo serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni wazo la kuwapatia Wayahudi wa Ulaya ardhi katika Afrika ya Mashariki. Ardhi hiyo ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya, na wazo lilikataliwa mwaka 1905. Abayudaya hawatokani na mpango huo wala hawadai kuwa wazao wa makabila ya Israeli. Walifika kwenye Uyahudi kwa kusoma.

== Mwalimu asiye na mwalimu ==

Jumuiya changa ya Gangama ilikuwa na kitabu, lakini haikuwa na mtu wa kuifundisha. Hapakuwa na anayejua Kiebrania, wala sala za sinagogi, wala hesabu ya kalenda. Kakungulu alifanya alichoweza kwa Biblia ya Kiganda. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi chenye sala, sehemu za Maandiko na maagizo ya kufuata. Kilikuwa kitabu cha kufundishia kwa watu ambao wengi wao walikuwa wamekulia katika Ukristo, na bado kilibeba mambo kadhaa ya Kikristo.

Tatizo la kalenda linaonyesha wazi ugumu wa hali yao. Torati inaagiza Pasaka iadhimishwe mwezi wa kwanza, siku ya 14 jioni, lakini haielezi mwezi huo ulingane vipi na miezi ya kalenda ya Ulaya iliyotumiwa na serikali na shule. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa 13 ili sikukuu zisihame majira yake. Mtu hawezi kuyajua hayo kwa kusoma Biblia peke yake, hata awe na bidii namna gani.

Msaada ulikuja katika miaka ya 1920 kutoka kwa Myahudi mmoja anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Masimulizi ya jumuiya yanaweka kuja kwake mwaka 1920, lakini watafiti wengine wanataja 1926. Alikaa na Kakungulu kwa muda wa miezi sita hivi. Alifundisha kalenda na majira ya sikukuu: Pasaka, Shavuot, Rosh Hashanah, Yom Kippur na Sukkot. Alieleza pia sheria za vyakula, ikiwa ni pamoja na namna ya kuchinja. Tangu hapo Abayudaya walikula nyama iliyochinjwa na watu wao wenyewe tu, na mabaki ya Ukristo yakaanza kuondolewa katika ibada yao, ukiwemo ubatizo.

Miezi sita ni muda mfupi kwa elimu ambayo kwingineko hujifunzwa tangu utoto. Huenda Kakungulu alilitambua hilo, kwa kuwa hakuyaweka mafundisho ya Yosef kichwani mwake tu. Alianzisha shule iliyofanana na yeshiva, yaani chuo cha kujifunzia Torati, ili yale aliyopokea yawafikie wengine, nao wawafundishe wengine zaidi. Jemadari aliyekuwa ametawanya machifu kwenye ngome zake sasa alitayarisha walimu wa vijijini.

Hatua hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya jumuiya. Viongozi wengi wa dini walioanzisha madhehebu yao katika Afrika ya kikoloni walikuwa ndio kila kitu kwa wafuasi wao, na walipokufa au kufungwa, kazi yao ilififia nao. Kakungulu naye alikuwa na tabia ya kutawala peke yake. Hata hivyo alipofariki aliacha watu waliojua kusoma sala, kuhesabu sikukuu na kuchinja kwa kufuata sheria, bila kumhitaji yeye awepo.

== Kifo ==

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Kaburi lake liko Gangama. Jiwe la kaburi linamtaja kama jemadari mshindi na kuorodhesha vyeo alivyoshika Buganda, Jimbo la Mashariki na Busoga, lakini juu ya Uyahudi wake halisemi neno.

== Wanafunzi wake ==

Baada ya kifo chake jumuiya iligawanyika. Wengine walirudia imani iliyochanganya Uyahudi na Ukristo, na wengine walishikilia njia ya Kiyahudi. Kundi hili la pili liliongozwa na Samson Mugombe, mmoja wa wanafunzi wake. Kwa miaka mingi waliishi kwa kujitenga, wakisoma Torati kwa Kiganda, karibu bila mawasiliano na Wayahudi wa nchi nyingine. Katika miaka ya 1960 walitembelewa na Arye Oded, mtaalamu kutoka Israeli, ambaye baadaye aliandika juu ya historia yao. Kwa ajili ya maisha ya Kakungulu mwenyewe, utafiti mkubwa ni kitabu cha Michael Twaddle kilichotolewa mwaka 1993.

Jaribio kubwa lilikuja chini ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka mwaka 1971 na kuvunja uhusiano na Israeli mwaka uliofuata. Ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili kuokoa maisha yao. Waliobaki, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa mia chache tu kati ya maelfu, walisali kwa siri majumbani. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza, na Abayudaya hawajaacha kuusimulia mlingano huo.

Katika miaka ya 1980 vijana wa kilima cha Nabugoye walianza kuijenga upya jumuiya. Miongoni mwao walikuwa Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe. Waliishi na kujifunza pamoja, wakaanza kujifunza Kiebrania kwa vitabu vichache walivyovipata. Kwa hiyo kizazi cha tatu kilirudia kazi ya kizazi cha kwanza, safari hii kikiwa na kumbukumbu za wazee. Tangu miaka ya 1990 wageni kutoka Marekani na Israeli walifika kwa wingi zaidi, na mashirika kama Kulanu na Be'chol Lashon yakaanza kusaidia elimu ya huko. Mwaka 2002 marabi wa tawi la Conservative walisimamia uongofu rasmi wa watu mia kadhaa. Baadhi ya Abayudaya waliona kwamba hawahitaji kuongoka, kwa kuwa wao na wazazi wao walikuwa Wayahudi tayari, na mjadala huo haujaisha.

Sizomu alisomea urabi Los Angeles akawekwa wakfu mwaka 2008, kisha akarudi Nabugoye kufundisha. Hivyo jumuiya ilipata rabi aliyezaliwa kwao miaka 80 baada ya kifo cha mwanzilishi. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Karibu na Mbale kuna shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, ambazo jumuiya inaziendesha kwa msaada wa wafadhili wa nje. Pamoja na masomo ya mtaala wa Uganda, watoto wa Kiyahudi hujifunza Kiebrania na dini yao. Shule zinapokea pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wa vijiji vya jirani, na hakuna masomo siku ya Jumamosi.